Watafiti na mijadala ya wananchi: nani anaandaa, nani anapima, na majibu yanarudi kijijini lini?

Mdadisi_wa_Rau (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite tu bila kutukana.

Niko Moshi, kazi yangu ni udadisi. Yaani ukisikia kuna utafiti unaingia kijijini na wanatafutwa watu wa kushika dodoso, kuendesha vikundi na kutafsiri Kichaga, basi sisi ndo hao. Zamani kazi ilikuwa nyepesi, unapiga hodi, unauliza kaya ina watu wangapi, mnapika kwa kuni au mkaa, unashukuru unaondoka. Siku hizi imebadilika sana, watafiti hawaji kuuliza tu, wanakuja kuwakutanisha watu wajadiliane. Wanachagua wanakijiji kwa bahati nasibu, wanawaweka darasani, wanawagawia kijitabu cha taarifa, wanaleta wataalamu waulizwe maswali, halafu vikundi vidogo vinajadili na dodoso linajazwa kabla na baada ili ionekane nani kabadili mawazo.

Kwa wazo lenyewe sina ugomvi, nimeona watu wakibishana vizuri kuliko wanavyobishana bungeni. Tatizo langu ni hili: aliyetunga swali ndiye aliyechagua watu, ndiye aliyeandika kijitabu, ndiye aliyetufundisha sisi wawezeshaji, ndiye mlipa posho, na baadaye ndiye huyohuyo anayeandika kwamba mjadala ulifana. Kocha kashika filimbi ya refa. Na hasemi uongo jamani, wengi niliofanya nao ni watu waungwana tu, ila ukishajenga kitu kwa jasho lako macho yanakuwa na upande.

Niwape mfano. Kulikuwa na mjadala wa maji, wa juu mlimani na wa tambarare pamoja. Wanaotoka huku wanajua hii habari, skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ilikamilika 1987 kwa msaada wa Japani, mpunga ukanoga kweli, na wa juu yake walipoona unalipa nao wakaingia kulima, maji ya mto Rau yakaanza kugombaniwa mpaka leo. Sasa kijitabu cha mjadala kilikuwa na mstari unasema mifongo ya asili (mifereji yetu ya Kichaga) inapoteza maji mengi njiani kwa sababu haijasakafiwa. Mzee mmoja wa kutoka juu akanyoosha mkono, akauliza kwa upole kabisa, "Hayo maji yanayopotea yanapotelea wapi?" Kimya. Mtaalamu akaanza kueleza ufanisi wa mfereji kwa asilimia, mzee akamsubiri amalize, akasema yanapotelea kwenye migomba ya vihamba (mashamba ya nyumbani) vya chini ya mfongo na mengine yanatokea kwenye chemchemi ambako wanawake wanachota, kwa hiyo ukisakafia umewanyima hao, na hao hawamo kwenye kijitabu. Hapo jamaa wa tambarare nao wakacharuka, kwamba sisi tunanyimwa maji kila msimu ninyi mnaongelea migomba. Ulikuwa mjadala mtamu kuliko yote niliyowahi kuandika, na jioni ile mtafiti (namsifu kwa hili) alikubali tuchape karatasi ya nyongeza stationery tuibandike kwenye kila kijitabu.

Ripoti ilivyotoka nimeisoma yote. Imejaa asilimia za waliobadili mawazo kabla na baada. Ile karatasi haijatajwa kabisa. Wananchi walibadilisha taarifa yenyewe waliyopewa, mimi naona hilo ndo lilikuwa tukio kubwa la zoezi zima, lakini dodoso halikuwa na kisanduku chake.

Wenye uzoefu wa haya mambo Moshi, Arusha na kwingine karibuni. Mtafiti akae wapi?

---

Chalii_wa_Sakina

Ngoja waje wenye shule zao. Mimi nimesimama pale kwenye posho tu, huwa ni shingapi?

---

Mkulima_Kahe

Nilichaguliwa kwenye moja ya hizo, sijui kama ndo hiyo yako mkuu. Nasema ukweli wangu, kwanza sikuamini. Mtu anakuja nyumbani anasema jina lako limetoka kwenye bahati nasibu uje ujadili maji, mke wangu akasema hao ni matapeli. Nikaenda kwa sababu mtendaji aliniambia niende. Kule tuliongea vizuri sana sikatai, nilijua mambo ya watu wa juu ambayo nilikuwa siyajui. Lakini niliporudi jirani zangu wakaniuliza swali moja tu, nani alikutuma ukatuongelee? Nikakosa jibu. Mjumbe nimempigia kura, mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji nimemchagua kwa kunyoosha mkono, mimi nimechaguliwa na kompyuta. Na msimu uliofuata zamu za maji zilipangwa na walewale kwa namna ileile.

---

Mwl_Mstaafu_Usariver

Mleta uzi umeleta mada nzito, nitajaribu kuichambua maana nimekaa chuoni muda mrefu nikifundisha maendeleo ya jamii.

Kwanza tukubaliane kwamba hii fani ilizaliwa na watafiti wenyewe. Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasosholojia Peter Dienel ndiye aliyebuni vikundi vya mipango vya raia waliochaguliwa kwa bahati nasibu, na karibu wakati huohuo Marekani, kule Minnesota, Ned Crosby akaanzisha baraza la wazee wa mahakama ila la raia, linalosikiliza hoja kama kesi. Hawakuwa wanaigana. Baadaye James Fishkin akaja na ule uchunguzi wa maoni unaofanywa baada ya watu kupewa taarifa na kujadiliana, wa kwanza ulifanyika Manchester mwaka 1994 ukaoneshwa kwenye televisheni, mada ilikuwa uhalifu. Hawa wote ni wasomi waliochoka kuandika nadharia, wakasema acha tujenge tuone. Sasa ukimwambia mtu wa namna hiyo asipime alichojenga, nani mwingine angepima? Hakuna aliyekuwa anajali.

Hatua ya pili wakaja wapimaji. Jürg Steiner, André Bächtiger na wenzao walitengeneza kipimo cha ubora wa mazungumzo mwaka 2003, wanahesabu mzungumzaji ametoa sababu ngapi, amemheshimu mwenzake au amemdharau, na kadhalika. Walianza na hotuba za wabunge. Hapo mtafiti hajengi, anakaa pembeni na kalamu.

Hatua ya tatu ndiyo inayonisisimua. Ireland, 2011, wanasayansi ya siasa akina David Farrell na Jane Suiter walipata fedha za mfuko binafsi wakaendesha baraza la raia la majaribio ili kuwaonesha wanasiasa kwamba kitu hiki kinawezekana. Kikawezekana. Serikali ikaunda Mkutano wa Katiba wa watu 100, raia 66, wanasiasa 33 na mwenyekiti, halafu 2016 likaja Baraza la Raia la watu 99 na mwenyekiti jaji, na mapendekezo yake juu ya utoaji mimba yakafika kwenye kura ya maoni ya Mei 2018, asilimia 66.4 wakaunga mkono. Watafiti walewale walikuwa ndani wakishauri na wakifanya utafiti. Mongolia ndo wamekwenda mbali kabisa, 2017 walitunga sheria kwamba kabla ya kugusa katiba lazima njia ya Fishkin itumike, wakakusanya raia 669 Ulaanbaatar. Fikiria andiko lako la chuoni linageuka sheria ya nchi!

Kwa hiyo mleta uzi, unachokiona kasoro ndicho kilichoifikisha fani hapa. Mimi nisingeharakisha kumfukuza mjenzi kwenye chumba cha kupimia.

---

Mdadisi_wa_Rau

Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwa utulivu. Ila Ireland hiyohiyo, mwanzoni mwa 2018, si iligundulika wajumbe 7 walioingizwa baadaye hawakupatikana kwa utaratibu? Mfanyakazi wa kampuni ya kutafuta wajumbe aliwapata kwa simu kupitia watu anaofahamiana nao, wakaondolewa. Yaani kwenye nchi inayotolewa mfano dunia nzima, bahati nasibu iliharibikia kwa mdadisi kama mimi. Wala sishangai, nawajua wenzangu, ukitembea juani nyumba ya nne hakuna mtu unaanza kumfikiria shemeji yako.

Ninachotaka kusema mwalimu, hayo wasomi hawawezi kuyaona wakiwa wamekaa mezani wanachambua data. Na mwenye uchungu na baraza lake hatayatafuta.

---

Mwl_Mstaafu_Usariver

Marahaba. Ni kweli lilitokea. Lakini angalia, liligundulika na likasemwa hadharani. Hoja yako inasimama zaidi Ubelgiji: ile G1000, mkutano wa raia wa Novemba 2011, watu 704 Brussels, baadhi ya waandaaji walikuwa wanasayansi ya siasa ambao baadaye waliandika machapisho ya kuitathmini. Tofauti ni kwamba waliandika wazi kwamba sisi tulikuwa ndani, na wakaikosoa bila huruma, ikiwemo namna matokeo yalivyokosa pa kushika serikalini. Kukiri nafasi yako ni nusu ya dawa.

---

Chalii_wa_Sakina

Mwalimu nusu nyingine iko wapi 😂

---

Mama_Nkwaruma

Naomba nami nichangie, ingawa sijasoma hayo ya Ulaya.

Nimekuwa mwezeshaji Meru na huku Arumeru chini kwa miradi tofauti. Mnaongelea nani anapima lakini mimi naona kinachopimwa chenyewe kina matege. Kwenye fomu yangu kulikuwa na sehemu inasema "kikundi kimefikia makubaliano: ndiyo/hapana". Kikundi changu walikaa wanaume watano na wanawake watano, idadi imebalansi kama walivyotaka. Wanaume wakaongea. Wanawake wakaitikia kwa kichwa. Nikaandika ndiyo maana fomu inataka ndiyo au hapana. Chai ilipofika wanawake wakaja na vikombe vyao nilipokaa, na hapo ndipo nikasikia mambo yote, kwamba hicho walichokubaliana ndani hakitekelezeki, zamu ya maji ya saa nane usiku wanaume wanaipanga lakini anayetoka na tochi ni mwanamke. Hayo yamo wapi kwenye data? Chai haina fomu.

Nilimwambia mtafiti, dada mmoja mdogo tu, akasema "mama hiyo ni nje ya itifaki", yaani utaratibu wa utafiti uliopangwa. Kesho yake nikaomba nitenganishe kikundi, wanawake peke yao saa nzima ya kwanza halafu tuungane, akakataa kwa sababu vikundi vya vijiji vingine vilishafanyika kwa mtindo ule na akibadilisha hapa hawezi kulinganisha. Namwelewa, lakini hapo alichagua kulinganisha badala ya kusikia.

---

Mwl_Mstaafu_Usariver

Mama heshima yako. Ulichokiona kina ndugu yake India. Kule mikutano ya kijiji ipo kikatiba, haikubuniwa na mtafiti, na kina Vijayendra Rao wa Benki ya Dunia na wenzake walirekodi mikutano hiyo neno kwa neno wakachambua maandishi. Tamil Nadu waligundua wanawake wana nafasi ndogo ya kuongea, ndogo ya kupanga ajenda, na hata wakiongea viongozi hawawajibu ipasavyo kama wanavyowajibu wanaume. Ila kijiji kikiwa na mwenyekiti mwanamke, wanawake wanajibiwa zaidi. Utafiti huo ulichapishwa 2019. Hapo mtafiti hakugusa kitu, alisikiliza kilichopo, na kikaonekana.

---

Mama_Nkwaruma

Ahsante mwalimu. Lakini na rekoda nayo ina mambo yake jamani, msione kusikiliza ni kutogusa. Ukiweka kile kidude katikati ya meza, wazee wanabadilika. Mzee aliyekuwa anaongea Kimeru kwa vichekesho anakohoa, anavaa kofia vizuri, anaanza "ndugu mwenyekiti, awali ya yote napenda kuchukua fursa hii". Dakika kumi anashukuru serikali.

---

Mkulima_Kahe

😂😂😂 mama umemaliza. Na wa tatu kusimama anaunga mkono hoja iliyotangulia.

---

Ole_Monduli

Huku kwetu Umasaini watafiti walikuja miaka mingi wakiandika mikutano yetu ya wazee. Wakati ule walikuwa wanakaa kimya kwenye nyasi, wanauliza huyu ni nani, laigwanani (kiongozi wa kimila) wa rika gani, kwa nini ameongea wa mwisho. Wakaandika vitabu. Siku hizi wanakuja na flipchati. Wanasema mkutano wenu ni mzuri ila tuuboreshe, uwe na wanawake, uwe na vijana, wachaguliwe kwa bahati nasibu.

Mimi sipingi wanawake kuongea, dada zangu wamesoma. Napinga kitu kingine. Kwenye mkutano wetu mtu anaongea akiwa amebeba watu, rika lake, ukoo wake, boma lake, na akishakubali jambo ndiye atakayelisimamia usiku ng'ombe wa mtu wakiingia nyanda za akiba. Kijana aliyechaguliwa na karatasi anaweza kuwa na akili kuliko wote ila akisema "nimekubali" amekubali yeye na viatu vyake. Alichouliza Mkulima_Kahe ndo hicho. Mtafiti anapima kama maoni yalibadilika, mimi nataka apime kama malisho yalifungwa mwezi uliokubaliwa.

---

Mdadisi_wa_Rau

Ole hapo umenigusa. Nadhani hapa ndipo kazi ya mtafiti inapotakiwa ihamie, kutoka kupima siku za darasani kwenda kupima mwaka mzima baada yake. Ufaransa kuna kitu walifanya nikakipenda: ule Mkutano wa Raia wa Tabianchi wa 2019 na 2020, watu 150, mapendekezo 149, rais akaahidi kuyapeleka bila kuyachuja. Mwanzoni mwa 2021 raia walewale wakarudi kukaa wakaipigia serikali alama namna ilivyoyachukua mapendekezo yao, wakatoa wastani wa 3.3 kati ya 10. Raia ndo walishika kalamu nyekundu safari hii! Watafiti walikuwa pembeni wanatazama.

---

VEO_Mstaafu

Vijana salaam. Nimekuwa mtendaji wa kijiji kisha wa kata kabla ya kustaafu, acha niseme upande ambao wasomi hawausemi.

Mtafiti akifika kwangu ana barua. Kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, barua ya wilaya, barua ya mkurugenzi, mpaka anafika kwangu karatasi zina mihuri mingi. Mimi napiga muhuri wa mwisho. Sasa mtu aliyekuja na mihuri yote hiyo, mwananchi anamwonaje? Anamwona serikali. Unaweza kuwaambia mara kumi kwamba huyu ni mtafiti huru, maoni yenu ni siri, wao wanaona gari na muhuri. Kwa hiyo kabla hamjaanza kubishana kama ni mjenzi au mpimaji, mjue kijijini tayari ana cheo cha tatu alichopewa na mihuri.

Pili, mnaongea kana kwamba mijadala ya wananchi ililetwa na vyuo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 imeweka mkutano mkuu wa kijiji, watu wazima wote, kila miezi mitatu. Tumekuwa na Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo tangu miaka ya mwanzo ya 2000, wananchi wanapanga vipaumbele wenyewe kwa hatua. Na kwenye mchakato wa katiba 2013 tulikuwa na mabaraza ya katiba ya wilaya, wajumbe walianzia mkutano wa kijiji halafu kamati ya maendeleo ya kata ikachuja. Nilikuwepo kwenye kuchuja. Wanaojua wanajua.

Mikutano yetu mingi inadorora, akidi haitimii, hilo nakubali. Lakini mtafiti akija anajenga chumba kipya pembeni chenye chai na posho, akiondoka mkutano wangu unazidi kudorora kwa sababu watu wanauliza leo posho ipo?

---

Chalii_wa_Sakina

VEO si ungesema tu tangu mwanzo kwamba jibu la posho unalo. Nimeuliza pale juu nikapuuzwa.

---

Mdadisi_wa_Rau

Chalii posho ni nauli na chakula na fidia ya siku, maana mtu kaacha kibarua. Bila hiyo wanakuja wenye nafasi tu, wastaafu na wenye maduka. Na ikizidi wanakuja wanaoitafuta. Wastani wake ni kibarua cha siku shambani pale kijijini, tukizidisha tu mwenyekiti anaanza kuulizia kwa nini jina la mwanae halikutoka.

Mzee VEO shikamoo. Umesema kitu kuhusu 2013 nikakumbuka ya nyuma zaidi, Tume ya Nyalali. 1991 walizunguka nchi nzima, karibu asilimia 80 wakasema tubaki na chama kimoja, lakini tume ikaangalia ndani ya hao 80 ikaona wengi wanataka mabadiliko makubwa, ikapendekeza vyama vingi, na 1992 vikaingia. Watu hulisema hili kama kichekesho cha demokrasia. Mimi naliona kama swali letu hili hili, aliyekusanya maoni ndiye aliyeamua yana maana gani. Safari ile wengi tunaamini aliamua vizuri. Je akiamua vibaya, nani ana zile kanda za sauti asikilize upya?

---

Mwl_Mstaafu_Usariver

Swali zuri sana hilo la kanda. Na tusisahau nchi yetu imeshakuwa uwanja wa jaribio kubwa la aina hii: 2015 kabla ya uchaguzi, Center for Global Development ya Washington pamoja na watu wa Stanford walichukua sampuli ya watu 2,000 hivi nchi nzima kuhusu mapato ya gesi asilia. Watu 400 wakaalikwa Dar es Salaam kujadiliana, wengine wakapewa taarifa tu bila kukutanishwa, wengine wakaachwa hivihivi ili kulinganisha. Kwa mtafiti huo ni usanifu safi, unajua kipi kimeletwa na taarifa na kipi kimeletwa na mazungumzo. Ndo faida ya mjenzi kuwa mpimaji, hakuna mtu wa nje angepata nafasi ya kugawa makundi namna ile.

Na kuna upande mwingine kabisa, mtafiti anayechukua upande. Andhra Pradesh, 2001, lilifanyika baraza la raia kuhusu mustakabali wa kilimo, wengi wao wanawake wakulima wadogo, wakakataa mwelekeo wa mashine na mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Walioandaa kutoka taasisi mbili za Uingereza hawakujificha kwamba wanataka sauti ya wanyonge isikike. Idara ya misaada ya Uingereza ikalalamika kwamba ripoti ina upendeleo, mzozo ukawa mkubwa. Mimi nimelitumia darasani kila mwaka, na kila mwaka darasa linagawanyika katikati.

---

Mama_Nkwaruma

Na hao wanawake wa huko waliulizwa baada ya mzozo?

---

Mwl_Mstaafu_Usariver

Mama, mzozo uliandikwa kwa Kiingereza baina ya wenye ofisi.

---

Chalii_wa_Sakina

Mkae mkijua mashine inakuja kuwatoa wote kazini. 2024 hao jamaa wa Google DeepMind walichapisha kwenye jarida la Science mashine ya akili mnemba inayosoma maoni ya kila mtu kwenye kikundi halafu inaandika tamko la pamoja, wakaijaribu kwa watu zaidi ya 5,000 Uingereza, na washiriki walipenda tamko la mashine kuliko la mwezeshaji binadamu. Wameipa jina la Habermas yule mwanafalsafa. Mdadisi tafuta shamba mapema.

---

Mdadisi_wa_Rau

Shamba ninalo, maji ndo hakuna 😅

Ila chalii, hiyo mashine ingeandika nini kuhusu wanawake wa Mama_Nkwaruma walioitikia kwa kichwa? Inasoma kilichoandikwa.

---

Binti_Masters

Samahani wakubwa, shikamooni. Nasoma masters Moshi na andiko langu ni la mjadala wa wananchi kuhusu taka sokoni. Nimesoma uzi wote nimeogopa. Naomba msaada wa vitendo, supavaiza anataka nianze mwezi ujao. Nifanye nini ili nisiwe huyo mnayemsema?

---

VEO_Mstaafu

Marahaba binti. Usijenge chumba kipya. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, omba ajenda kwenye mkutano uliopo, hata kama watakuja wachache. Uone kwanza unavyokwenda wenyewe bila wewe.

---

Mama_Nkwaruma

Anza na kikundi cha wauza mboga peke yao kabla hawajachanganywa na viongozi wa soko. Liandike tangu kwenye itifaki, usisubiri kama yule dada akaja kuniambia haiwezekani kulinganisha. Na acha nafasi kwenye fomu ya yaliyosemwa wakati wa chai, uwaombe ruhusa kwanza.

---

Mwl_Mstaafu_Usariver

Kwenye sura ya mbinu andika ukurasa mzima kuhusu nafasi yako: nani kakulipia, nani katunga swali, nani kaandika taarifa mliyowapa, nani angeweza kukukatalia. Mtafute mwenzako wa darasa aje aangalie siku ya mjadala na aandike maelezo yake mwenyewe usiyoyahariri, uyaweke kiambatisho. Hayo hayana gharama. Supavaiza akikuuliza kwa nini, mwambie mjenzi anahitaji jicho la pili. Na ndiyo, nimelegeza kidogo msimamo wangu wa pale juu, ila si wote.

---

Ole_Monduli

Rudi baada ya miezi sita uangalie kama taka zinazolewa.

---

Binti_Masters

Miezi sita nitakuwa nimeshakabidhi andiko. Chuo kina kalenda.

---

Mdadisi_wa_Rau

Hapo ndo pagumu kweli binti, na siyo kosa lako, kalenda ya fedha na ya chuo huwa inaisha kabla ya kalenda ya soko. Fanya hivi: kwenye bajeti yako weka mstari wa siku moja ya kurudisha majibu, nauli yako, kurasa mbili za Kiswahili zilizochapwa, na nakala moja ya sauti au maandishi yote abaki nayo mtu mtakayekubaliana kule sokoni, ukishafuta majina. Kurudi baada ya miezi sita waachie wao, wawe na dodoso fupi lako mkononi, wakupigie simu. Mimi niko Moshi, ukihitaji mtu wa kusimamia kikundi nicheki inbox, nauli tu utanipa.

---

Chalii_wa_Sakina

Nauli na chai.